Nepi za Khanga na Maji ya Pasiansi

Nyumbani kwetu Pasiansi, hapa Mwanza, khanga ilikuwa na maisha marefu. Ikitoka dukani ilikuwa ya kutokea: kanisani, harusini, msibani. Ikianza kupauka ikashuka, ikawa ya kushindia jikoni, kisha ikawa mbeleko. Ilipolainika kabisa mama alichukua mkasi, akaikata vipande vya mraba, akavipiga pindo kwa mkono na kuvipanga chini ya sanduku kumngoja mtoto aliye njiani. Khanga mpya haifai kwa kazi hiyo. Ina ugumu wa kiwandani, mkojo unateleza juu yake na kumwagika pembeni. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba ya kwanza, ambaye bado hana vikuukuu vyake, aliletewa vya watu: shangazi analeta viwili, mama mdogo vitatu, jirani kimoja. Mtoto alivalishwa nepi iliyokwisha kupita mabegani mwa nusu ya mtaa.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vimekwisha na maduka yamebaki matupu. Pamba ilikuwa yetu, Usukuma yote ililima, na Mwatex, kiwanda cha nguo kilichojengwa miaka ya 1960, kilikuwa hapa hapa Mwanza. Lakini kupata doti moja ilibidi upange foleni kwenye duka la ushirika na uombe isiishe kabla hujafika dirishani. Sabuni ilikuwa taabu zaidi. Mama aliukata mche vipande vidogo kwa uzi, akaviweka juu ya kabati ambako hatukufika. Vikiisha, tulifulia majani ya mpapai, tukiyaponda na kuyafikicha ndani ya maji mpaka yatoe povu dogo la kijani. Povu lile liliondoa uchafu, ila weupe halikurudisha, na weupe ndio uliotazamwa kliniki. Manesi waliona nepi kabla hawajamwona mtoto.

Lakini taabu kubwa kuliko sabuni ilikuwa maji. Mwanza inakunywa ziwa: maji yanavutwa Capri Point, yanasafishwa, halafu yanasukumwa kupanda vilima. Sisi tuliokaa kwenye mwinuko, maji yalitufikia kwa kubahatisha, mara nyingi usiku, mara nyingine siku nzima bomba la mtaa likitoa upepo. Nepi za mtoto mmoja zinataka maji ya kulowekea, maji ya kufulia na maji ya kusuuzia si chini ya mara mbili, maana sabuni iliyobaki kwenye kitambaa humbabua mtoto sawasawa na mkojo. Ndoo hizo zilipanda juu ya kichwa cha mtu, na katika nyumba yenye mtoto wa kike aliyefika umri wa kubeba, kichwa hicho kilijulikana. Kwetu kilikuwa changu. Kwa hiyo mpaka leo mtu akisifu nepi za kufua mbele yangu, nauliza kwanza: maji anachota nani?

Kazi yenyewe ilikuwa na ufundi wake, na nilifundishwa kama nilivyofundishwa kupika. Kinyesi kikwanguliwe chooni kwanza, kwa kijiti, kabla nepi haijagusa beseni. Za mkojo zisichanganywe na za choo. Zilowekwe maji ya baridi, kwani ya moto hugandisha doa. Asubuhi, kabla ya shule, zifikichwe, zisuuzwe, zisuuzwe tena, zikamuliwe wawili mkiwapo, mmoja huku na mwingine kule. Mara moja kwa wiki zilichemshwa kwenye sufuria kuukuu iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Kisha zikaanikwa. Kamba ilikuwapo, lakini kamba ilikuwa ya nguo za watu wazima. Nepi tulizitandaza juu ya mawe. Anayeijua Pasiansi anayajua mawe yake: matale makubwa yaliyokaa nyuma ya nyumba, mengine makubwa kuliko nyumba yenyewe. Kufika saa tano jiwe limeshika moto, na nepi inakauka kwa juu na kwa chini kwa pamoja. Jua lile liliondoa hata madoa ambayo majani ya mpapai yalishindwa.

Baada ya jua, pasi ya mkaa. Wengi wanadhani kupiga pasi nepi ni kupenda kujionyesha. Sivyo. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, na buu lake hupenya ngozi ya anayezivaa na kukaa humo kama jipu. Kwa mtu mzima ni kero; kwa kichanga, tena makalioni, ni mateso. Joto la pasi linayaua mayai. Mama hakusoma hilo kwenye kitabu chochote, alilipokea kwa mama yake, na alilisimamia hata siku mkaa ulipokuwa wa kukopa.

Bibi yetu alipokuja kututembelea kutoka Magu, aliitazama shughuli yote hii kwa huruma. Yeye hakulea kwa nepi. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akamkalisha mtoto kati ya miguu yake akimwegemeza, akamtolea sauti ya maji yanayochuruzika, "shiii", mpaka mtoto akajisaidia. Alifanya hivyo mtoto akiamka, akinyonya, na kabla ya kumbeba mgongoni. "Mtoto anasema," alimwambia mama, "nyie hamna muda wa kumsikiliza." Nilikuja kusoma ukubwani kwamba watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika mwaka 1977 katika jarida la Pediatrics juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya, ambao huanza kumzoesha mtoto hivyo tangu wiki zake za kwanza, na kufikia miezi mitano au sita anakaa mkavu mchana na usiku. Wasomi wa Marekani wakati huo walikuwa wakifundisha kwamba mtoto hawezi kuzoeshwa mpaka apite mwaka mmoja na nusu. Bibi asingeshangaa. Lakini njia yake inataka mtu mmoja asiyetoka nyumbani, mwenye mtoto mikononi kutwa. Mama alikuwa anakwenda kazini. Kwa hiyo bibi aliporudi Magu tulirudi kwenye beseni.

Kuna jambo moja sitaki kulipamba. Bomba lilipokauka siku mbili tatu, wanawake wa mtaani walibeba mabeseni kushuka ziwani upande wa Bwiru, na nepi zilifuliwa humo humo. Tuliamini kinyesi cha mtoto si kinyesi. Sasa tunajua ziwa linavyolipa. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, yanaanguliwa majini, vijidudu vinaingia kwa konokono wa kwenye maji ya kina kifupi, vinatoka na kuipenya ngozi ya anayeoga, anayechota au anayefua. Na tuliwaogesha watoto pale pale, kwa maji yale yale. Kituo cha utafiti wa magonjwa hapa Mwanza, NIMR, kimekifuatilia kichocho cha wakazi wa ziwa kwa miaka mingi. Nikiwasikia wanaosema zamani watoto walikuwa na afya kwa sababu ya nepi za asili, nawakumbusha matumbo yaliyovimba ya wenzetu wa shuleni. Kitambaa hakikuwa na kosa. Maji ya kukifulia ndiyo hayakuwa na mahali pa kumwagwa.

Miaka ya 1990 mambo yalianza kugeuka. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota kando ya ziwa, na ndege za mizigo zilipita juu ya mapaa yetu kwenda kutua uwanjani, kuchukua samaki wa kupeleka Ulaya. Fedha iliingia mjini, na pamoja nayo pakiti za kwanza za pampasi, kwenye maduka machache ya katikati ya mji, kwa bei ya kutazama. Mimi nilijifungua wa kwanza wakati huo. Khanga kuukuu zilikuwa hazitoshi tena, maana watu walikuwa hawazivai mpaka zilainike. Nilinunua taulo za mitumba soko la Mlango Mmoja, nikazikata. Zilinyonya kuliko khanga, ila zilichukua kutwa nzima kukauka wakati wa masika, na juu yake tulivalisha chupi ya plastiki iliyomchemsha mtoto kama kiazi. Pampasi ilikuwa ya safari ya treni tu na ya siku ya ubatizo.

Kilichoiingiza mitaani ni kuuzwa moja moja. Mama mwenye genge alifungua pakiti, akazipanga kwenye kikapu karibu na vibiriti na majani ya chai. Hukuhitaji tena kuwa na fedha ya pakiti nzima; ulihitaji mia tatu, baadaye mia tano, ya usiku wa leo. Msichana wa kiwanda cha samaki anayetoka zamu gizani, mama wa duka la nguo Makoroboi, mwanafunzi aliyemwacha mtoto kwa bibi, wote walipata kwa bei hiyo kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwapa: usingizi wa saa chache na asubuhi isiyo na beseni. Unga unaogeuka jeli, ulioingia kwenye nepi za Marekani na Ulaya miaka ya 1980, unabeba mkojo wa usiku mzima bila mtoto kulia. Siwezi kumlaumu hata mmoja wao. Nilibeba ndoo, nayajua waliyoyakimbia.

Lakini pampasi haiishi inapovuliwa. Mwanza ina mwamba, na shimo la choo linachimbwa mpaka jiwe liseme basi, mara nyingi mapema. Mashimo yetu ni mafupi. Ukitumbukiza pampasi kwa mwaka mmoja, shimo lililotarajiwa kuwatosha kwa miaka mingi linajaa, na gari la kunyonya likija bomba linaziba, vijana wanalazimika kuziopoa kwa ndoano. Zinazotupwa nje zinasubiri mvua. Mvua ya Mwanza hushuka vilimani kwa nguvu, inaingia mitaroni na makorongoni, na njia zote za maji mwisho wake ni ziwa. Nimeziona kwenye korongo la karibu nasi, zimevimba, jeli yake imepasuka, mbuzi wanazinusa. Kuzichoma nako kuna moshi wake, na wazee wengine wanakataza kabisa wakisema ngozi ya mtoto itaungua pamoja nayo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na mitaro yetu ilipumua kweli; tofauti ilionekana kwa macho. Pampasi zikabaki, na hakuna aliyetuambia ziende wapi. Mtaa wetu una siku ya gari la taka, lakini gari halipandi kwenye vichochoro vya kati ya mawe, na ada ya taka inawapata hata wale ambao gari haliwafikii. Halmashauri haiwezi kuendelea kuhesabu pampasi kama maganda ya ndizi. Ni kinyesi kilichofungwa kwenye plastiki, na kinahitaji vizimba vyake karibu na watu.

Binti wa kaka yangu alipopata ujauzito mwaka juzi alinipigia simu. "Shangazi, nasikia mlikuwa mnafua. Nifundishe." Alikwisha kununua nepi za kisasa, zenye vifungo vya kubana, kitambaa kisichopitisha maji kwa nje na pedi za kuchomeka ndani. Pini hazipo. Zinapanuliwa mtoto anavyokua. Nilizipenda, ila pedi zake za nailoni nilimwambia aongeze na za pamba, maana mkojo wa mtoto aliyelala unazishinda. Alinionyesha pia kwamba Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulilinganisha aina zote mbili mwaka 2008, ukakuta madhara yake kwa hali ya hewa hayapishani sana, mpaka uangalie zinavyofuliwa: mashine ikijazwa, nguo zikianikwa nje badala ya kukaushwa kwa umeme, na nepi zikirithiwa na mtoto wa pili, nepi za kitambaa zinapunguza madhara kwa kiasi cha asilimia 40. Nilicheka kwa furaha. Kuanika nje na kurithishana ndiyo maisha yetu yote.

Nikamuuliza swali langu. Maji, alisema, yako ndani, bomba liko hatua chache kutoka bafuni, na tanki la akiba juu ya paa. Maji machafu yanakwenda kwenye shimo lililojengewa. Basi nikamfundisha: kukwangua, maji ya baridi kwanza, kusuuza mara mbili, pasi. Mawe yamezungushiwa uzio wa jirani siku hizi, kwa hiyo anaanika kwenye kamba. Usiku na safarini anavalisha pampasi, na sikumkataza, ila kila moja anaikwangua chooni kabla ya kuifunga kwenye taka. Msichana wao wa kazi alipoanza kupokea beseni kila asubuhi nilimwita mume wa binti yetu nikamketisha. "Mwanangu," nilimwambia, "huyu amekuja kusaidia, hakuja kurithi kazi ya nyumba nzima. Nepi ni za mwanao." Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa, shangazi, nionyeshe." Sasa Jumamosi na Jumapili anafua yeye, na anakamua vizuri kuliko sisi sote. Wanachobishania ni sabuni ya unga: mke anasema anaweka nyingi mno.