Tangu Niliposhuka Garini

Kazi yangu ni udereva wa magari ya milimani. Wapimaji wa ardhi, watafiti wa maji na wageni nawachukua Musoma, tunapitia Butiama au tunakwenda hadi Bunda, na mara nyingi safari yetu inaendelea pale barabara inapokwisha. Kwa miaka mingi sifa yangu mjini ilikuwa moja: hakuna kilima kinachomshinda yule. Nikiweka gia nzito, napanda.

Sheria nilizijua. Ukiingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, kule Bunda, huruhusiwi kuiacha barabara, nami sikuiacha. Ila nilitii kwa kuogopa faini. Nikishatoka getini, pori lote nililiona langu.

Aliyenibadilisha ni mfugaji mmoja, rika la baba yangu, kwenye miteremko ya Balili, pale unapoiona Ghuba ya Speke upande mmoja na nyika ya Serengeti upande mwingine. Nilimwamkia, nikamwuliza njia ya kupanda.

"Marahaba. Shuka kwanza, mwanangu, tutembee."

Akanipeleka kwenye korongo lililonifika kiunoni. Akasema lilianza kama mistari miwili ya matairi. Tairi likipita kwenye mteremko uliolowa, hung'oa nyasi na kuushindilia udongo. Mvua inayofuata haizami tena. Maji hushika ule mfuo na kushuka nao yakichimba. Dereva anayekuja nyuma, akiona pameharibika, hupita pembeni, na hapo mfuo mwingine huanza. Udongo wa malisho unasombwa kuelekea ziwani, na ng'ombe wa mzee yule siku hizi wanazunguka mbali kufuata maji.

Tangu siku hiyo naendesha vingine. Mgeni akitaka kilele, naegesha chini, tunapanda kwa miguu. Mvua ikipiga usiku, nangoja ardhi ikauke, hata aliyenikodi akinuna. Nikikuta dimbwi katikati ya njia, napima kina kwa fimbo, kisha napita humo humo, nisiipanue njia. Pasipo na njia, naanzia ofisi ya kijiji, maana hakuna pori lisilo na wenyewe. Kule Butiama Wazanaki wana msitu wa Muhunda, wanaouheshimu kama makazi ya mzimu wao. Ile heshima imeulinda msitu kuliko faini ilivyonizuia mimi.

Wateja wengine nimewapoteza. Wamehamia kwa madereva wa kufika popote. Wengine wananitafuta kwa sababu hiyo hiyo, kwani wakiingia kijijini nami wanapokelewa vizuri. Madereva wenzangu wa Mara, nguvu ya gari tunainunua kwa pesa, lakini ruhusa ya kupita iko mikononi mwa wenyeji. Tukiyakata malisho yao mwaka huu, mwakani wataifunga njia, na haki itakuwa yao.