Uhakiki Usiotaja Kosa

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hekima hiyo ina sharti ambalo aghalabu halitajwi: aliyekosea hana budi kuelezwa alikokosea. Mama mmoja aliyeketi katika saiba ya mtaani, akijaziwa fomu ya kumwombea mwanawe basari, hakuelezwa. Kijana wa saiba alibonyeza kitufe cha kutuma, na kiwambo kikatoa maneno matatu tu: "Data si sahihi."

Kijana akabahatisha. Akaigeuza tarehe ya kuzaliwa, akatuma, fomu ikarudi. Akaondoa nafasi katika nambari ya simu, ikarudi tena. Dakika zilikuwa zikilipiwa, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa ndiyo hiyo.

"Mama, nadhani mashine inakataa jina."

"Jina lipi?"

"La baba. Ng'ang'a."

"Jina la babake lina kosa gani, mwanangu?"

Kijana hakuwa na jibu. Alizifuta ritifaa zote mbili, akaandika "Nganga", na fomu ikapita. Hivyo mtoto akaombewa basari kwa jina lisilolingana na lililo katika cheti chake cha kuzaliwa. Mwanafunzi yeyote wa fonolojia anajua kwamba ng' na ng si sauti moja. Fomu ile haikujua.

Mwanafasihi akisikia neno uhakiki hufikiria riwaya na tamthilia. Wataalamu wa kompyuta nao wana uhakiki wao, yaani kupima iwapo data iliyoingizwa inatii kanuni zilizowekwa. Katika programu zinazoundwa kwa vitu, kila kitu hubeba taarifa zake pamoja na kazi zake, na huwa cha aina fulani, kama nomino ilivyo na ngeli yake. Mwombaji wa basari ni kitu; tarehe yake ya kuzaliwa yaweza kuwa kitu. Swali ni hili: je, kosa nalo ni kitu?

Waundaji wengi hujibu kwa vitendo kuwa si kitu. Programu ikikutana na kosa la kwanza hupiga ukelele, husimamisha kazi na kumrudisha mtu mlangoni. Penye makosa manne, atarudishwa mara nne. Kosa moja haliachi mke, lakini programu ya namna hii huvunja ndoa papo hapo. Mwaka 2014, Martin Fowler, mwandishi mashuhuri wa masuala ya uundaji wa programu, alieleza njia nyingine: makosa yakusanywe katika kitu kimoja cha taarifa, na uhakiki uendelee hadi mwisho ndipo yote yaripotiwe pamoja. Ndivyo afanyavyo msimamizi mwema wa tasnifu. Huisoma sura yote, akaandika pambizoni kila penye dosari, kisha akairudisha mara moja.

Kosa lililofanywa kitu hubeba mambo yanayohitajika: sehemu iliyokosewa, thamani iliyokataliwa na kanuni iliyovunjwa. Katika lugha ya Java, kanuni za Bean Validation zilizoidhinishwa mwaka 2009 hufuata mkondo huo, na maneno ya ujumbe huweza kuhifadhiwa kando, faili moja kwa kila lugha. Kosa likabaki lile lile. Lugha ikabadilika kwa kumfuata msomaji.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Muundaji asiyeijua sarufi hutunga kiolezo kimoja, "haiwezi kuwa tupu", akakibandikia jina la kila sehemu. Matokeo ni "Jina haiwezi kuwa tupu" na "Kitambulisho haiwezi kuwa tupu". Anwani huokoka, kwa kuwa imo katika ngeli ya I-ZI. Tiba ni mbili: ama kila sehemu iandikiwe sentensi yake kamili, ama upatanisho uelekezwe kwenye neno lisilobadilika: "Sehemu ya jina haijajazwa", "Sehemu ya kitambulisho haijajazwa". Tiba ya pili ni nyepesi, na sarufi haivunjiki.

Lakini sarufi pekee isingemwokoa yule mama. Ritifaa huogopwa kwa sababu katika lugha ya hifadhidata ya SQL alama hiyo hufungua na kufunga maneno, na wahalifu huitumia kupenyeza amri zao. Hata hivyo, kinga inayofaa ni kuitenga data na amri wakati wa kuipeleka kwenye hifadhidata, si kuwanyima watu majina yao.

Laiti kiwambo kingesema: "Sehemu ya jina la baba ina alama isiyokubaliwa: ritifaa." Kijana asingebahatisha. Mama naye angekuwa na la kuipelekea ofisi husika, na ofisi ingeyasoma maneno hayo na kutambua kwamba kilichokosewa ni kanuni, wala si jina. Kosa lililotajwa wazi huweza kumrudia aliyelitangaza. Lililofichwa nyuma ya "Data si sahihi" hubaki kwa mnyonge, naye huondoka akidhani ni lake.