Mvua Juu ya Bati

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu, nilinyamazisha bwalo zima kwa kusimama tu mlangoni. Siku nilipotaka kunasa sauti ya dada yangu nyumbani kwangu Tukuyu, nilikuta hakuna kinachonitii.

Dada amenizidi miaka kumi na miwili. Ndiye aliyebaki peke yake anayejua masimulizi ya bibi yetu kwa Kinyakyusa, pamoja na nyimbo zilizomo. Mjukuu wangu aliniletea kipaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Nikakiweka katikati ya meza ya sebuleni, dada akakaa kwenye kochi. Ulikuwa mwezi wa Aprili. Wanaoijua Rungwe wataelewa: mvua ya huku hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili haina mzaha. Ilipoanza kupiga bati, dada hakukatiza. Alisimulia saa nzima.

Tuliposikiliza, tulikuta mvumo wa jokofu na wa nyaya za umeme. Huo ulikuwa mwepesi kuondoa, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake hukaa hapo, na kwenye 100, na 150. Programu huukata bila kuyaumiza maneno sana. Mvua ni jambo jingine. Sauti yake imetapakaa, toka nene hadi nyembamba, palepale penye sauti ya mtu. Mjukuu akaionyesha programu sekunde chache ambazo dada alinyamaza, ili iitambue kelele, kisha akaiamuru iifute. Mvua ikapungua kweli. Dada naye akawa kama mtu anayesemea ndani ya pipa.

“Huyo si mimi,” alisema.

Nikaamua kwamba ile ya Aprili ilikuwa majaribio tu. Tungoje kiangazi, tufanye kazi safi. Uamuzi huo ulikuwa wangu.

Nilianza kwa kutundika mablanketi sebuleni. Yalimeza mwangwi, lakini mvua ilipita kana kwamba hayapo, maana kelele ya nje huzuiwa na kitu kizito. Tukahamia stoo, yenye dari na magunia ya maharage yaliyopangwa ukutani. Jokofu nikalizima (mara moja nikasahau kuliwasha, maziwa yakaharibika, nikasemwa). Lakini dawa kubwa haikuwa na gharama: kukisogeza kipaza sauti hadi shibiri moja na mdomo, pembeni kidogo ili pumzi isikipige. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa karibu desibeli 6, na mvua hubaki ilivyo.

Agosti kila kitu kilikuwa tayari. Nje kumekauka, hata kuku nimewafungia mbali. Dada akaanza vizuri, akafika pale bibi anapotaka kuvuka mto Kiwira, akanyamaza. Nilidhani anapumzika.

“Mdogo wangu,” akaniuliza, “halafu ilikuwaje?”

Sikujua. Tulijaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Kipaza sauti kilinasa ukimya safi kabisa, usio na mvumo wala mwangwi.

Mjukuu nimemwagiza atoe nakala tatu za ile ya Aprili, kama ilivyonaswa, asifute chochote. Mvua inanyesha tangu mwanzo hadi mwisho, na bibi anavuka.