Ukipanda Soufrière, chunga saa

Msomaji, ikiwa umewahi kupanda Longonot siku ya mapumziko, bila shaka waijua raha ya kufika ukingoni mwa shimo la volkano na kuchungulia chini. Leo nakualika twende mbali zaidi, hadi kisiwa cha St Vincent katika bahari ya Karibi. Huko abiria wa meli za kitalii huteremka asubuhi, wakapanda mlima ulio hai, na jioni wakarejea melini.

Mlima huo huitwa La Soufrière. Kimo chake ni mita 1,200 hivi. Usicheke! Ni kweli kwamba mkazi wa Nairobi huamka kila siku akiwa juu zaidi ya hapo. Lakini kule safari huanzia baharini, katika joto na unyevu kama wa Mombasa wakati wa masika.

Tuseme meli yako imetia nanga Kingstown, mji mkuu, saa mbili asubuhi, na abiria wote watakiwa kuwa ndani saa kumi na moja jioni. Gari litakupeleka kaskazini kando ya pwani ya mashariki kwa zaidi ya saa moja. Utapita mji wa Georgetown, kisha mto Rabacca, ambao wenyeji huuita mto mkavu. Usiudharau ukavu wake, kwani mvua ikinyesha mlimani hufurika ghafla.

Hapo ndipo miguu inapoanza kazi. Kwanza utapita mashamba, halafu mianzi mirefu inayolia upepo ukivuma. Baadaye miti hupungua, na mwishowe hubaki changarawe nyeusi inayoteleza chini ya kiatu. Kupanda huchukua saa mbili hadi tatu. Ukijaliwa, utasimama kwenye ukingo wa shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Usipojaliwa, utaona ukungu mtupu, kwa maana kilele hicho hufunikwa na mawingu mara nyingi.

Mawingu hayo yana kisa. Mnamo Mei 1902 mlima huu ulilipuka. Watu wa upande wa magharibi waliuona ukifuka moshi, nao wakakimbia mapema. Lakini upande wa mashariki, huko huko unakoanzia safari yako, mlima ulikuwa umejificha mawinguni. Wengi waliusikia mngurumo wakadhani ni radi tu, wakaendelea na shughuli zao. Walipotambua kilichokuwa kikiwajia, wakati ulikuwa umekwisha. Walikufa watu wapatao 1,600, wengi wao Wakaribi, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho.

Sasa linganisha na mwaka 2021. Wataalamu walikuwa wakiupima mlima kwa vyombo vyao tangu lava ilipoanza kujitokeza Desemba 2020. Tarehe 8 Aprili serikali iliwaamuru wakazi wa kaskazini, wapatao 16,000, wahame. Kesho yake, kabla ya saa tatu asubuhi, mlima ulilipuka na kumwaga majivu hadi kisiwa cha Barbados. Nyumba ziliporomoka na mashamba yakazikwa, lakini hakuna aliyeuawa na mlipuko wenyewe. Hata meli za kitalii, ambazo wakati huo hazikuwa na abiria kwa sababu ya korona, zilikwenda kusaidia.

Kwa hiyo ukiamua kupanda, anza kwa kuuliza kama njia iko wazi, maana baada ya mlipuko huo ilifungwa. Nenda na mwenyeji anayeijua. Chukua maji ya kutosha, koti la mvua, na viatu vyenye nyayo za kushika. Malapa waachie walio ufuoni. Ukienda na msafara ulioandaliwa na meli yenyewe, kwa kawaida meli huusubiri ukichelewa. Ukikodi gari lako mwenyewe, meli haina deni nawe, na unaweza kuiona ikitokomea baharini huku umesimama gatini na matope magotini.

La muhimu kuliko yote, wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaanza kupanda. Kwa ratiba hiyo niliyoitaja, iwe saa sita na nusu mchana. Ikifika, geukeni popote mlipo, hata kama kilele kimebaki hatua mia mbili na kijana wenu analia kwa uchungu. Mwenyeji akisema mawingu yamekuwa mabaya, msibishane naye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mkirudi Kingstown na dakika chache zimebaki, tafuteni shelisheli la kuchoma. Ndilo chakula wanachojivunia watu wa St Vincent, nasi wa Pwani yetu tunalijua. Huenda mtalila bila ya kuwa mmekiona kilele. Si hasara. Watu 16,000 waliacha nyumba zao kwa sababu waliambiwa ondokeni, na leo wapo wa kuwasimulia wageni. Wewe umeacha hatua mia mbili tu, na mlima utaukuta siku nyingine.