Neno "Tori" Lilitoka Msituni

Sisi walimu wa kujitolea wa darasa la sita tunawaletea kisa cha neno moja la Kiirishi, lugha ya asili ya watu wa Ireland.

Kilianzia kwenye insha. Mwanafunzi wetu mmoja alikataa kuandika "mkimbizi". Siku ya soko mtu alimwita hivyo akimcheka, eti "we mkimbizi, rudi kwenu". Akatuambia, "Mwalimu, hilo ni tusi." Jamani, hatukuwa na jibu. Basi kesho yake tukawasimulia watoto habari ya Tori.

Mkisikiliza habari za Uingereza, chama cha Conservative huitwa pia Tory. Unaweza kudhani ni jina la heshima. Kumbe limetokana na neno la Kiirishi, tóraidhe, siku hizi huandikwa tóraí. Shina lake ni tóir, yaani kufukuzia, kusaka. Kwanza lilimtaja anayesaka, halafu likamshika hata anayesakwa.

Jeshi la Oliver Cromwell liliingia Ireland mwaka 1649 na kuishinda. Wakatoliki wenye ardhi wakanyang'anywa, wakaamriwa kuhamia Connacht, magharibi, ng'ambo ya mto Shannon. Mwisho wa kuhama ulikuwa tarehe 1 Mei 1654. Kuna waliokataa, wakaingia msituni na kwenye vinamasi, wakaishi kwa kupora. Hao ndio walioitwa tori. Serikali ilitoa fedha kwa aliyeleta kichwa cha tori, kama ilivyotoa kwa kichwa cha mbwa-mwitu. Hatusemi walikuwa malaika, kuiba waliiba. Ila kabla ya kuiba, wao waliibiwa.

Mwaka 1679 mpaka 1681 wakubwa wa London waligombana: James, mdogo wake Mfalme Charles wa Pili, ni Mkatoliki, je, arithi ufalme? Waliomtetea wakatukanwa "tori", majambazi wa Ireland. Nao wakawaita wenzao "Whig", tusi la kutoka Scotland. Mwishowe kila upande ukalivaa tusi lake kama kanzu. Jina la Conservative lilikuja miaka ya 1830, lakini Tori halikufutika. Jina la aliyenyang'anywa shamba likawa la mabwana wenye mashamba! Darasa lilicheka sana.

Yule mtoto hakucheka. Aliuliza, "Na wale wa msituni, walirudishiwa mashamba?"

Tukamwambia ukweli: wachache walirudishiwa, wengi hapana.

Akainama, akaandika. Tulipokusanya madaftari tuliona popote palipohitaji "wakimbizi" ameandika "sisi tuliokimbizwa". Tulijadiliana wenyewe kwa wenyewe, mmoja wetu akasema si jibu la kitabu. Lakini kosa la sarufi hatukuliona. Tulimpa tisa juu ya kumi. Ile moja tulikata kwa sababu ya nukta, huwa anazisahau.