Hakuna Moduli Inayoitwa Malipo

Saa nane usiku, tokeni za stima zimebaki yuniti mbili, na Python inaniambia hakuna moduli inayoitwa malipo. Nilicheka kidogo. Mteja alisema pesa ni baada ya majaribio yote kupita, na mwenye nyumba alikuwa ameshapiga simu mara tatu.

Folda ya malipo ilikuwa pale pale, naiona kwa macho. Programu yenyewe ilifanya kazi poa, majaribio tu ndiyo yaligoma. Nikasakinisha pytest upya mara mbili, ujinga wa mtu aliyechoka. Tangu niache chuo huwa nahofia kuna kitu wenzangu walifundishwa siku ambayo sikuwepo.

Mwishowe nikaiambia Python inionyeshe sys.path, ile orodha ya mahali inapotafuta moduli. Folda ya mradi haikuwemo. Kwa jinsi nilivyopanga faili zangu, ukiandika pytest peke yake inaongezwa folda ya majaribio tu. Ukiandika python -m pytest, Python inaongeza na hapo ulipo. Basi, ni hilo tu! Saa mbili nzima.

Yote 41 yakapita. Nikatuma saa kumi na nusu. Kufikia asubuhi tiki zilikuwa buluu, jibu hakuna.