Majirani wa Shangazi Yangu

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na Jumamosi nafundisha watoto katekisimu. Kwaresima iliyopita mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Wayahudi wangali wapo?" Nikajibu upesi kwamba wapo mbali sana, na kwamba ndio waliomwua Bwana. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua nimekosea mara mbili.

Wapo, tena karibu. Shangazi yangu ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Mbale, Uganda, na majirani zake ni Wayahudi, watu weusi kama sisi, wakulima wa kahawa na ndizi. Huitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, Mganda mpiganaji hodari, aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki kisha wakakosana. Alisoma Agano la Kale, akaona tohara imeamriwa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Husimuliwa kwamba alipoambiwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, alisema, basi atakuwa Myahudi.

Idi Amin, aliyetawala toka 1971 hata 1979, aliipiga marufuku dini yao. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu. Waliobaki walikuwa mia chache tu, wakisali kwa siri.

Nilipomtembelea shangazi, mzee mmoja wao alikuja kunisalimu, na mkungu wa ndizi begani. Shangazi akampa chai na viazi vitamu. Nyama hakumwandalia, kwa kuwa hawali isiyochinjwa kwa sheria yao, na shangazi ajua hayo kama ajuavyo siku zetu za mfungo. Mzee alinieleza kwamba utotoni walizomewa njiani: "Ninyi mlimwua Kristu!" Alisema bila hasira. Mimi nilitazama kikombe changu.

Maana chuoni tulifundishwa wazi: tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa zamani zile, wala juu ya hawa wa leo. Swali hilo nililifaulu katika mtihani!

Hao waliozomewa ndio waliotangulia kunyosha mkono. Mmoja wao, J. J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona yale maangamizi kwa macho yake. Mwaka 2004 alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba Wakristo na Waislamu wauze kahawa pamoja na Wayahudi. Chama chao kikaitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Shule zao nazo hupokea watoto wa dini zote. Hata zahanati walifungua mwaka 2010 kwa ajili ya kila mgonjwa, ingawa Kakungulu, kabla ya kuwa Myahudi, alifuata dhehebu lililokataza dawa!

Jumamosi iliyofuata niliwaambia watoto kwamba mwalimu wao alikosea, nikawasimulia habari za mzee yule, na kwamba Yesu na Mama yake walikuwa Wayahudi. Yule mtoto akainua mkono tena. "Mwalimu, basi Yesu hakula nguruwe?" Nikamjibu kwamba hakula. Darasa zima likacheka, maana baba yake ndiye mchinja nguruwe wa kijiji chetu.